Kivugo cha Mzee Clyde

Marcia alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa chumba cha mapumziko cha wauguzi hapa Campbelltown, na bakuli la wali wa jana mapajani. Hakunisalimu. Marcia hajawahi kuwa mtu wa salamu. Alisema Bwana Hollis amefariki na wameshamzika, na kwamba sasa yale maneno ya baba yake, Mzee Clyde, ninayo mimi peke yangu. Kisha akanipangia: Jumamosi, saa nne asubuhi, makaburini. "Siku tuliyomzika baba hukuyasema," aliniambia kwa Kiingereza chake cha Trinidad ambacho Sydney haijaweza kukinyoosha. "Basi uje uyaseme sasa." Nilimjibu kwamba nitampa jibu Ijumaa. Nilirudi wodini nikamuuliza mgonjwa mmoja jina lake mara tatu, mpaka akaniuliza kama mimi mwenyewe niko salama. Sikuwa salama. Nina miaka hamsini, nimewazoea wagonjwa wanaopiga kelele na madaktari wanaopiga kelele zaidi, lakini ombi lile lilinishinda. Ili mtu aelewe kwa nini, sina budi kuueleza mwaka mmoja ambao nimekuwa nikiuruka kila ninaposimulia maisha yangu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitokaje Bukoba na nani alinikatia tiketi, hayo nitayaacha, kila mtu anayo ya kwake. Nilikuwa napanga chumba Rooty Hill na Wambui, muuguzi Mkenya aliyenizidi miaka sita na maneno elfu sita. Siku mbili kwa wiki nilipanda treni ndefu hadi Campbelltown, kwenye chuo cha ufundi, kusomea kazi ya kuwahudumia wazee. Siku zilizobaki, saa moja asubuhi, nilikuwa nimeshafika Merrylands kwa Mzee Clyde. Ofisi iliyoniajiri iliniandikia kwenye karatasi: mwanamume, miaka themanini na moja, mjane, anaishi na binti yake, miguu haina nguvu, aogeshwe na avalishwe. Hawakuandika kwamba anaongea. Siku ya kwanza nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, nikafungua maji, nikashika sabuni, na kabla sijampaka akainua mkono akanguruma: "Simama hapo! Usiinue mguu, usishushe mguu! Unajua umekutana na nani?" Niliangusha sabuni. Mlango wa pili ukabamizwa, nikasikia sauti ya mwanamke: "Baba! Utamkimbiza huyu pia!" Huyo ndiye alikuwa Marcia, anajiandaa kwenda kazini Parramatta.

Bafu lile lilikuwa dogo, vigae vya kijani, dirisha moja linalotazama banda la gari. Kupitia dirisha hilo niliona kofia. Ilikuwa pana kama ungo mkubwa, imesukwa kwa waya na kitambaa cheusi, na nyuzi nyekundu zinaning'inia ukingoni kote. Chini yake lilitundikwa joho lenye mafuvu yaliyochorwa kwa rangi nyeupe. Mimi nimelelewa kanisani, nikaanza kusali kimoyomoyo huku nampaka sabuni mgongoni. Mzee aliona macho yangu yalikokwenda, akacheka hadi akakohoa. Akaniambia kwamba kwao, wakati wa kanivali, sikukuu yao ya kuvaa vinyago na kucheza barabarani, kuna mtu anayeitwa Mnyang'anyi. Anavaa hivyo, anapuliza filimbi, anakusimamisha katikati ya barabara na kukueleza alivyo wa kutisha, na hakuachii mpaka umlipe sarafu kwa utamu wa maneno yake. Hana silaha nyingine. Wakikutana Wanyang'anyi wawili, wanashindana kwa maneno hayo hayo, na atakayeishiwa kwanza anapisha njia. Yeye alikuwa Mnyang'anyi wa Merrylands, kwenye maandamano madogo ya watu wa visiwa vyao, kila mwaka majira ya machipuko.

Baada ya kuoga tulihamia jikoni, na huko ndiko nilikosomea, si chuoni. Alinielekeza nikaange mikate yao, inayofanana na maandazi yasiyotiwa sukari, na samaki wa chumvi aliyelazwa majini tangu jana yake na Marcia, na pilipili ya kusaga ambayo hata mimi niliiheshimu. Akila alisimulia. Zamani kisiwani kwao matajiri Wafaransa walikuwa wakivaa vinyago na kucheza majumbani mwao, na watumwa walikatazwa kuingia. Shamba la miwa likishika moto, watumwa hao hao waliamshwa kwa viboko na kwa pembe wakauzime. Walipopata uhuru waliingia barabarani na mienge mikononi, wakauigiza ule moto na vile viboko, na bwana sasa akawa ni mtu wa kuchekwa. Serikali ikapiga marufuku ngoma, wakapiga mianzi. Ikapiga marufuku mianzi, wakapiga makopo ya biskuti, sufuria, mwisho mapipa ya mafuta, hadi mapipa yakaimba. "Kila walichotunyang'anya tulitafuta kingine cha kupiga," aliniambia, akigonga meza kwa kijiko. "Ila mdomo hawakuweza kuuchukua. Ndiyo maana Mnyang'anyi anatumia mdomo."

Nilimwambia kwetu kuna kitu kama hicho. Mwanamume anasimama mbele ya watu, mkuki mkononi, anajitaja jina, anataja ushujaa wake wa kweli na wa kubuni, anaruka, anachoma hewa. Shuleni walitufundisha kuviita vivugo, majigambo. Mzee Clyde aliacha kutafuna. Akataka nimwonyeshe. Nikasimama na mwiko, nikajaribu kukumbuka nilivyoona arusini nikiwa mtoto, nikaishia kucheka. "Si hivyo," alisema kwa ukali, kana kwamba amezaliwa kwetu Kamachumu. "Miguu. Miguu ndiyo inayosema kwanza." Tangu siku hiyo akawa ananisomesha kivugo chake, mstari baada ya mstari, mimi nikimsugua mgongo, yeye akinirekebisha. Aliniambia amekipata kwa baba yake, na baba yake kwa babu, na kila mmoja alitupa kidogo na kuongeza kidogo. Kilikuwa kwa Kiingereza, na nikikitafsiri kinapoa kama chai, lakini kilikwenda hivi: Siku niliyozaliwa kisiwa kiliegemea upande mmoja. Nilimng'ata mkunga, nikamwita daktari kwa jina lake, nikaomba kiti. Nikiwa na miaka miwili nilimeza kimbunga, nikakitema kimelowa. Babu yangu alimkatia bwana miwa miaka arobaini, na siku mnyororo ulipokatika alimtia bwana mfukoni akaondoka naye. Ninaye mpaka leo. Hapo alijipiga mfukoni polepole, akainamisha sikio. Sikiliza. Analia.

Ninakiri kitu ambacho sikumwambia hata Wambui: nilikipenda kivugo kile kuliko nilivyompenda mwenyewe. Nilikisema nikiwa kwenye treni, midomo ikicheza, abiria wakihama viti. Nilikuwa mtu niliyeitwa "mpenzi" na "samahani, jina lako linatamkwaje" tangu asubuhi hadi jioni, na kwa dakika nne za maneno yale nilikuwa mtu wa kuogopwa. Mzee alifurahia kunisikia bafuni, mlango umefungwa. Mara moja tu nilipoanza kukisema kwa sauti uani, akanikatiza, kidole juu. Akasema, "Huko nje nipo mimi." Nilidhani ni wivu wa wazee. Nilicheka, nikamfunika miguu blanketi.

Mwezi wa nane kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala, mdomo umepinda kidogo, na Kiingereza chake chote kimebaki neno moja: *Yes*. Ukimpa chai, *Yes*. Ukimuuliza kama anaumwa, *Yes*. Ukimfunga kifungo vibaya na kumbana shingo, *Yes, yes*, macho yanatoka. Alielewa kila kitu. Ulimi tu ndio ulikuwa haumtii. Chuoni tulikuwa tumefundishwa somo hilo wiki chache kabla, kwa hiyo sina pa kujificha. Mwalimu alisema neno linalobaki kwa mtu wa namna hiyo si jibu. Umshike mkono mzima, umuulize taratibu, akubane mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Nilimfundisha Marcia. Asubuhi zote tulifanya hivyo: chai au kahawa, shati la bluu au jeupe, redio au kimya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu na hasira, na akibana mara mbili unajua umekataliwa.

Maandamano yalikuwa mwezi wa kumi. Wiki mbili kabla, nikiwa bafuni naanika taulo, nilimsikia Bwana Hollis jikoni na Marcia. Hollis ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapiga mapipa, rafiki wa Mzee wa miaka mingi, mtu mrefu anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. "Watu wataona pengo," alisema. "Wataniuliza Clyde amekufa lini." Marcia akajibu kwamba wakiuliza awaambie ukweli, kwamba yuko nyumbani anakula uji. "Hawataamini," alisema Hollis. "Mnyang'anyi asipotokea, watu humhesabu amekufa." Nikasikia kiti kikivutwa, kisha Marcia akisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilipokuwa shule alinisimamishia marafiki zangu getini na ile kofia. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa ningetoa kitu chochote nimsikie." Taulo lilibaki mkononi mwangu. Moyo wangu ulikuwa umeshaamua, na mimi nikaamua kuuita uamuzi ule huruma.

Hollis nilimwambia nusu. Nilimwomba nivae joho na kofia, nitembee kando ya kiti cha magurudumu cha Mzee, kofia iwepo tu, watu waione. Alifikiri sana akakubali. Kwamba nitafungua mdomo sikumwambia. Mzee nilimuuliza Alhamisi asubuhi, nikiwa nyuma yake, nampaka sabuni mabegani, mahali ambapo sioni uso wake wala yeye haoni wangu. "Mzee, Jumamosi nikaseme maneno yako mimi? Watu wajue bado upo?" Akasema *Yes*. "Kweli?" *Yes*. Kisha kwa nguvu zaidi, *Yes*. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja, umbali wa shibiri kutoka kwangu. Umefumbuka. Ungesema ananingoja niushike. Nikachukua ndoo nikamsuuza.

Jioni hiyo nikamsimulia Wambui. Alikuwa anapiga pasi sare yake juu ya kitanda, kwa kuwa meza tuliifanya kabati. "Amekubali," nilimwambia. "Amesema *yes* mara tatu."

Wambui akasimamisha pasi. "*Yes* ya mtu wa *stroke*? Koku, aki wewe. Ulimshika mkono?"

"Alisema kwa nguvu."

"Sijakuuliza alisema aje. Nimekuuliza, mkono ulimshika?" Nikainama kuvua viatu. "Hukumshika juu ulikuwa unaogopa jibu. Kesho asubuhi uende umuulize *properly*, kama *nurse*. Usiniletee hiyo story ya huruma, mimi nakujua. Unataka ile kofia."

Nilimwambia ana roho mbaya. Alirudisha pasi kwenye sare, akasema pole, roho mbaya yake haitamfanya alie Jumapili. Kesho yake asubuhi nilikuwa na darasa Campbelltown, kwa hiyo mzee aliogeshwa na mtu mwingine. Ningeweza kushuka Merrylands nikirudi. Treni ilisimama pale dakika nzima, milango wazi, na mimi nikasoma tangazo la chuo cha urembo hadi milango ikajifunga.

Jumamosi ilikuwa na jua kali na jakaranda zimechanua mtaa mzima, zambarau juu na zambarau chini. Barabara ilifungwa kutoka kituoni hadi bustanini. Mapipa yalikuwa juu ya lori, Hollis mbele yake, watoto wenye mabawa ya karatasi, akina mama waliovaa manyoya na viatu vya mazoezi. Waafghani wa duka la mikate walitoka nje na aproni zao, Walebanoni wakaleta viti. Marcia alikuwa amesimamisha kiti cha baba yake mbele ya duka la mikate, kwenye njia panda, pale pale ambapo kila mwaka Mzee alisimamisha watu. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri na tai. Nilikuwa nimetembea kando yake hadi pale kama nilivyoahidi, nyuzi za kofia zikining'inia machoni, jasho likinitiririka ndani ya joho. Watu walimsalimia Mzee, wakampiga mabega, wakainamia kiti kumwona vizuri. Alikuwa anafurahi. Hilo nalikumbuka kwa uhakika: mpaka dakika ile alikuwa anafurahi.

Mapipa yakanyamaza, maana ndiyo yalikuwa mazoea, wimbo husimama njia panda kumpisha Mnyang'anyi. Hollis alikusudia kunyamaza kwa dakika moja, kwa heshima ya rafiki yake, kisha waendelee. Mimi nikapuliza filimbi. Nikaruka katikati ya barabara, miguu kwanza, kama nilivyofundishwa. "Simama hapo! Usiinue mguu, usishushe mguu!" Kelele iliyolipuka ilinipandisha kichwa. Wazee wa visiwani walikitambua kivugo tangu neno la kwanza, wakaanza kupiga makofi na vijiti. Nikamng'ata mkunga, nikamwita daktari kwa jina. Na hapo, kutoka kwenye kiti cha magurudumu, ikasikika: *Yes!*

Nikageuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, kidole kimenyooka. *Yes! Yes!* Watu wakacheka kwa furaha, wakaitikia naye, *Yes!* Alipiga kitako cha mkono kwenye chuma cha kiti, akainua tena, *Yes! Yes! Yes!*, na mtaa mzima, Waafghani, Walebanoni, watoto wenye mabawa, wote wakashika mdundo wake, *Yes! Yes! Yes!* Machozi yalikuwa yakimtoka, na tai ikalowa. Waliona mzee analia kwa furaha. Mimi nilikuwa nimemwogesha miezi tisa. Nilijua uso huo. Ulikuwa uso wa kifungo kinachobana shingo. Nilimtazama Marcia, mikono yake kwenye vishikio vya kiti, naye akanitazama, macho makavu, hakutikisa kichwa wala hakuinua kidole. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ilikuwa wazi mbele yangu, ndefu, zaidi ya nafasi yoyote niliyowahi kupewa. Nikaendelea. Niliendelea kwa sababu nilikuwa ninaogelea katika sauti yangu mwenyewe. Nikameza kimbunga, nikamtia bwana mfukoni, nikajipiga mfukoni polepole, nikainamisha sikio, na mtaa wote ukanyamaza kusikiliza. Kilichosikika katika ukimya ule ni Mzee Clyde. Hakuwa na *Yes* tena. Alikuwa analia tu, kwa sauti.

Hollis hakunifokea. Alinipeleka bandani kwa Mzee baada ya kila kitu, akanivua kofia mwenyewe, akaitundika. Akaniambia kwamba katika kundi lao, maneno ya Mnyang'anyi husemwa na mtu mwingine mara moja tu. Jeneza likiwa wazi, mwenzake anasimama anayasema yote hadi mwisho, na hapo ndipo marehemu anahesabiwa amekufa. Kabla ya hapo hata akiwa hapumui bado yupo. "Leo umemzika, binti," alisema. "Mbele ya watu wake, naye akikutazama." Nilianza kusema kwamba nilimuuliza, kwamba alikubali. Hollis akaniangalia kwa huruma, jambo lililokuwa baya kuliko ngumi. Kilichonichoma ni kwamba nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote pale. Nilisomeshwa darasani, nikaandika kwenye mtihani nikapewa vema: kivugo hutungwa na kughanwa na mwenye sifa mwenyewe. Kwetu mtu akisimama kuyasema majigambo ya mwenzake aliye hai, mwenzake amekaa pale, hiyo ni dhihaka. Watu wameacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hilo. Wapo Walebanoni na Waafghani waliopiga makofi bila kujua. Mhaya kama mimi hakuwa na kisingizio.

Jumatatu saa moja nilikuwa mlangoni. Mzee aligeuza uso ukutani. Nikimgusa alikuwa anakakamaa mwili mzima. Marcia akamwogesha yeye, kisha akachelewa kazini. Ikawa hivyo Jumanne, na Jumatano. Nilikaanga mikate, hakula. Nyumba ile iliyokuwa na maneno kila kona sasa ilisikika friji tu. Wiki ya pili, Wambui alikataa kunipa pole. "Ulimkosea na mdomo," alisema. "Sasa unaenda kumpikia. Hujui kutumia mdomo tena?"

Asubuhi iliyofuata nilisimama katikati ya chumba chake. Sikuvaa chochote zaidi ya sare ya kazi. Nikapanga miguu. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha kuazima, na kuazima kulikuwa kumeshaniponza.

"Ni mimi Koku, mwizi wa mchana kweupe! Ni mimi niliyeingia kwenye kinywa cha mtu aliye hai bila kubisha hodi! Nilikuta mlango umefungwa, nikasema umefunguliwa. Niliambiwa hapana kwa machozi, nikasikia makofi. Mkono ulikuwa karibu yangu, nikaukimbia nikashika ndoo. Nani ananizidi kwa woga? Ajitokeze! Nani ananizidi kwa uroho wa sifa? Aje tupimane! Nimemzika shujaa akiwa na tai shingoni, na kofia yake kichwani mwangu. Ni mimi, na jina langu ni hilo, na sina lingine!"

Hakuelewa hata neno moja. Lakini katikati ya maneno aligeuka kutoka ukutani, na macho yake yalianzia miguuni kwangu, yakapanda pole pole, kama mwalimu anayekagua. Nilipomaliza nilipiga magoti, nikamshika mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa. Nilimuuliza kwa Kiingereza: umenisamehe? Akabana. Kisha akabana tena. Mara mbili. Nikamuuliza: nikuogeshe? Akabana mara moja. Nikangoja ya pili. Haikuja.

Nilimwogesha hadi mwezi wa kwanza, alipofariki usingizini. Kila asubuhi nilimuuliza lile swali la kwanza, na kila asubuhi alibana mara mbili, bila ukali, jinsi mtu anavyokataa sukari. Siku ya mazishi jeneza lilikuwa wazi. Hollis alisimama upande mmoja, Marcia upande wa pili. Hollis alijua vipande tu, akanigeukia, akanipa ishara ya kichwa. Sasa ilikuwa ruhusa. Sasa ndipo nilipohitajika. Watu walisubiri, mtu akakohoa, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa na maneno yote, yamepangana hadi menoni. Niliogopa kwamba nitayasema vizuri. Niliogopa kwamba nitafurahi. Padri akasubiri kadiri adabu ilivyomruhusu, kisha wakafunga.

Hiyo ndiyo sababu Jumanne sikuweza kumjibu Marcia papo hapo. Ijumaa nilimpigia Marcia nikamwambia nitakuja, na Jumamosi nikaja. Amezeeka, nywele nyeupe, fimbo ya kutembelea. Tulisimama mbele ya jiwe la baba yake, na kwa mbali mfanyakazi alikuwa anakata nyasi kwa mashine. Nilianza kumwomba msamaha, hotuba niliyoiandaa miaka ishirini na minne, akanikatiza kwa fimbo.

"Siku ile barabarani nilijua anakataa," alisema. "Tangu *Yes* ya kwanza. Nilikuwa nimeshika kiti, ningeweza kumgeuza tukaondoka. Ungenyamaza. Sikumgeuza. Nilitaka kuyasikia."

Nilikasirika. Niandike hivyo hivyo. Nilikasirika kwa miaka yote niliyolala na aibu ile kana kwamba ni yangu peke yangu, na yeye alikuwa na nusu yake sandukuni, amekaa kimya. Nilimwambia ni mwoga. Akasema ndiyo. Nikamwambia ningeolewa na mtu mwenye adabu na kuimba kwaya kama singebeba kitu kile. Akasema hilo haamini. Tukatazamana, wazee wawili wenye hasira katikati ya makaburi, na nikajua kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuniudhi kwa haki kama huyu.

Basi nikapanga miguu. Nikasema yote, kuanzia "Simama hapo" hadi mwisho, kwa sauti yangu yote, na sikuruka mstari. Yalikuwepo, yamengoja. Mfanyakazi akazima mashine akavua kofia. Nilipofika kwenye mfuko nilijipiga polepole, nikainamisha sikio, na palikuwa kimya kabisa. Kisha nikanyamaza, maana maneno yalikuwa yamekwisha.

Marcia alijiegemeza kwenye fimbo. "Basi," akasema. "Sasa baba amekufa." Akaiachia fimbo, akakaa kwenye nyasi zilizokatwa, akalia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba asubuhi ile ile.